Jaribio, nene au ya Sultani? Kuchagua kati ya sarafu adimu za Kifaransa za Afrika

Sarafu ikiwa na herufi tano, ESSAI, muuzaji hupandisha bei na mnunuzi mgeni huanza kutokwa jasho. Neno lenyewe ni la Kifaransa na maana yake ni jaribio, basi. Nakusanya sarafu hizi kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, nikianzia na zile za Komoro kwa sababu mtaani kwetu Unguja Wangazija ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Katika miaka hiyo mara mbili nimeshalipia herufi hizo tano kupita thamani yake, na mara moja nimezidharau mahali nilipopaswa kuzithamini. Hapa nazilinganisha sarafu zenyewe, moja dhidi ya nyingine, ili wewe usilipe ada ya shule niliyolipa mimi.

Kwanza tuelewane majina. Kiwanda cha sarafu cha Paris, kile cha Quai de Conti kando ya mto Seine, kilikuwa na desturi yake. Kabla sarafu mpya ya koloni haijaanza kupigwa kwa mamilioni, zinapigwa kwanza chache za sura ile ile, na neno ESSAI linabanwa mahali penye nafasi. Waliozipata walikuwa wakubwa wa wizara na maofisa, na nyingine zikafika mikononi mwa wakusanyaji. Hilo ndilo nitaloliita jaribio. Pamoja na majaribio, zilipigwa chache zaidi zenye unene mara mbili, ambazo Wafaransa huziita piéfort. Mimi naziita nene. Halafu kuna sarafu ya kawaida, ile iliyolipa kodi na kununua mafuta ya taa.

Majaribio mengi utakayoyaona yakiuzwa yana mwaka 1948. Mwaka huo Paris ilitoa sarafu mpya kwa karibu kila himaya yake: Afrika ya Magharibi, Afrika ya Ikweta, Kamerun, Togo, Madagaska, Réunion na Pwani ya Somalia ya Kifaransa ambayo leo ni Jibuti. Vitabu vya bei huandika majaribio 2,000 kwa kila aina, na nene 104. Komoro zilisubiri hadi 1964 kupata seti yao, na huko majaribio yanaandikwa 1,700. Ziweke kichwani namba hizo, tutazirudia.

Jaribio dhidi ya sarafu ya kawaida

Chukua faranga 1 ya Madagaska ya 1948. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamke, yule Marianne wa Jamhuri ya Ufaransa, na upande wa pili kuna ng'ombe wa Kibukini, yaani wa Madagaska, mwenye mapembe marefu. Ya kawaida ni ya alumini, milimita 23, gramu 1.3. Ukiiweka kiganjani unaweza kusahau kama umeshika kitu, na ukiidondosha mezani inalia kama kifuniko cha soda. Jaribio lake lina upana ule ule na ng'ombe yule yule, ila lilipigwa kwa shaba na nikeli, kwa hiyo linakaribia kuwa zito mara tatu na ushei. Siku nilipolipeleka kwa sonara kulipima, mzee aliligeuza mara moja tu akasema, "Mwanangu, hii si fedha." Nikamwambia najua, nipimie tu. Akapima, akatazama mizani, akalitazama tena, akauliza, "Sasa mbona inang'aa hivi na mwaka ni wa zamani?"

Swali lake linagusa tofauti yenyewe. Jaribio halikuzunguka sokoni. Nywele za Marianne zinahesabika, na pembe za ng'ombe zina makali. Ya kawaida, hasa ya alumini, huchubuka haraka, na ukiipata safi kabisa jua umebahatika. Kama unapenda kazi ya mchongaji, jaribio halina mpinzani. Aliyechonga ni Lucien Bazor, mchongaji mkuu wa kiwanda wakati huo, na kwenye sarafu ya alumini iliyochoka huwezi kuona nusu ya alichofanya.

Ila sarafu ya kawaida ina kitu kimoja ambacho jaribio halitakuwa nacho milele: ilifanya kazi. Mtu aliipokea kama chenji. Kwa mwenye bajeti ndogo au anayewakusanyia watoto wake, faranga za kawaida za 1948 bado ni rahisi mno, na seti ya himaya zote inakamilika bila kugusa pesa ya ada. Anza hapo. Sioni sababu ya mtu kununua jaribio kabla hajashika ya kawaida na kujua inakaaje mkononi, maana utalitambuaje lililo tofauti?

Jaribio dhidi ya nene

Kwa hesabu, ushindani umekwisha kabla haujaanza: 2,000 kwa 104. Ungetarajia nene iwe na bei mara ishirini ya jaribio. Haiko hivyo. Bei yake kwa kawaida ni mara tatu au nne, wakati mwingine chini ya hapo, kwa sababu wanunuzi wenyewe ni wachache. Kwa mnunuzi hii ni habari njema. Kwa muuzaji ni balaa. Ukiwa na nene ya Togo na unataka kuiuza wiki hii kwa sababu mtoto anaanza kidato cha tano, utakaa nayo. Utaishia kuipeleka kwenye mnada Ulaya, usubiri miezi, mnada ukate kamisheni yake, kisha benki nayo ichukue chake.

Kuna shida ya pili. Nene haionekani kwenye picha. Ukitumiwa picha za uso na mgongo peke yake, nene na jaribio ni pacha. Kwa hiyo dai mambo mawili kabla hujatuma senti: picha ya ukingo, ikiwezekana sarafu imesimamishwa kando ya nyingine ya kawaida, na uzito kwa gramu. Hesabu yake ni ya darasa la tatu. Kama ya kawaida ni gramu 1.3 na nene ni ya metali hiyo hiyo, mizani isome karibu 2.6. Kama metali imebadilika, linganisha unene kwa vernia, achana na uzito. Muuzaji anayekujibu "nene inaonekana tu kwa macho" mwachie mzigo wake.

Mimi nina nene moja tu, ya Jibuti, na nimeridhika. Inapendeza kushika, kama biskuti. Lakini sioni nikikusanya nyingine, kwa sababu hainiambii jambo ambalo jaribio halikuniambia.

Jaribio la 1964 dhidi ya sarafu za Said Ali

Watu wa mwambao wanaponiuliza, mazungumzo huishia kwenye ulinganisho huu, na mara nyingi nawavunja moyo.

Seti ya Komoro ya 1964 ni nzuri. Ina faranga 1, 2 na 5 za alumini, na 10 na 20 za shaba iliyochanganywa na alumini, zenye rangi ya dhahabu. Zimeandikwa ARCHIPEL DES COMORES. Kwenye faranga 1 kuna minazi. Kwenye ya 10 kuna makombe ya baharini na yule samaki wa kale, silakanti, ambaye wavuvi wa visiwa hivyo walikuwa wakimvua muda mrefu kabla wanasayansi hawajajua kuwa bado anaishi. Seti ya majaribio yake ni vipande vitano, inakaa kwenye kiganja, na ukiwa mvumilivu utaipata kwa bei ya simu ya kawaida. Majaribio 1,700. Adimu, sivyo?

Sasa weka pembeni yake sarafu za Said Ali bin Said Omar, sultani wa Ngazija. Huyu ndiye aliyetia saini mkataba na Mfaransa Léon Humblot mwaka 1885, mkataba uliompa Humblot ardhi kubwa mno ya kisiwa. Mwaka uliofuata Ngazija ikawa chini ya ulinzi wa Ufaransa. Sarafu za jina lake zilipigwa Paris zikiwa na mwaka wa Hijria 1308, yaani 1890 kuelekea 1891: santimu 5 na 10 za shaba, na faranga 5 ya fedha, sahani ya milimita 37 na gramu 25. Upande mmoja ni maandishi ya Kiarabu, na upande wa pili kuna silaha na bendera. Mwaka 1893 Wafaransa wakamwondoa kisiwani. Alifariki uhamishoni, Tamatave, Madagaska, mwaka 1916.

Ile faranga 5 ya fedha vitabu huiandikia elfu mbili na ushei. Yaani ukisoma namba peke yake, inazidi kidogo majaribio ya 1964, na karibu inalingana na majaribio ya 1948. Mgeni anaona: kumbe zote ziko daraja moja, basi nichukue yenye neno ESSAI, ndiyo rasmi zaidi kwa wakusanyaji.

Hapo ndipo anapopotea. Jaribio lilipozaliwa liliingia kwenye kisanduku. Aliyelipewa alijua ni kumbukumbu, akalihifadhi. Yale 1,700 ya Komoro, nadiriki kusema sehemu kubwa bado ipo mahali fulani, kwenye droo za wajukuu wa maofisa. Faranga 5 ya Said Ali ilizaliwa kuwa pesa, tena ya fedha halisi, katika visiwa ambako fedha ina kazi nyingi: huyeyushwa ikawa bangili, hutobolewa ikaning'inia shingoni kwa bibi harusi, hulipa deni ikavuka bahari. Nimeshika mbili maishani mwangu. Moja ilikuwa na tundu juu ya maandishi, limezibwa baadaye na mtu mwenye mkono mzuri lakini si mzuri wa kutosha. Kwa hiyo mimi siulizi zilipigwa ngapi. Nauliza zimebaki ngapi, na katika hali gani. Kwa kipimo hicho sarafu ya Sultani, isiyo na neno ESSAI popote, inaliacha jaribio mbali, na bei mnadani inasema hivyo hivyo. Hiyo si bei ya simu. Ni ya pikipiki, na ikiwa safi sana ni zaidi.

Njia ya katikati ipo, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa pwani. Nunua santimu 5 au 10 ya Said Ali. Ni shaba, ilizunguka, inapatikana, na ukiwa unasoma Kiarabu cha madrasa utaweza kusoma jina la sultani bila kamusi. Tazama alama ndogo kando ya maandishi, ile ya mchongaji mkuu. Kuna zenye fungu la fimbo, alama ya Jean Lagrange aliyekuwepo 1880 hadi 1896, na zenye mwenge, alama ya Henri Patey aliyemfuata. Zenye mwenge zilipigwa baada ya sultani mwenyewe kuondolewa kisiwani. Jina lake likaendelea kununua mchele yeye akiwa mbali. Jambo hilo la herufi na alama ndogo limenipa furaha kuliko nene yangu.

Alama hizo zitakuokoa pia

Kila mchongaji mkuu wa Paris alikuwa na alama yake, na ndiyo namna rahisi ya kukamata sarafu inayodanganya. Kwa kipindi chetu: mwenge hadi 1930, bawa la Bazor kuanzia 1931 hadi 1958, bundi wa Raymond Joly kuanzia 1958 hadi 1974, kisha pomboo. Jaribio la 1948 liwe na bawa. La Komoro la 1964 liwe na bundi. Ukiuziwa la 1948 lenye bundi, rudisha. Lenzi ya mwanafunzi wa baiolojia inatosha kwa kazi hii.

Kuna kundi jingine lisilohitaji lenzi, linahitaji ramani. Mwaka mmoja nilinunua mtandaoni kitu nilichoambiwa ni jaribio la sarafu ya Bassas da India, mojawapo ya visiwa vya Ufaransa kati ya Msumbiji na Madagaska. Kilikuwa kizuri, rangi mbili, meli imechorwa vizuri. Kilipofika nikamwonyesha rafiki yangu nahodha. Akacheka hadi akaketi. Bassas da India ni tumbawe, maji yakijaa karibu lote linazama. Sarafu ya nani, ya kununulia nini? Watu binafsi wamekuwa wakitengeneza vitu vya namna hiyo miaka ya karibuni kwa ajili ya kuuza tu, na vingine vinapewa jina la jaribio ili vipate heshima. Hakuna kosa kuvinunua kama mapambo. Kosa ni kuvilipia bei ya Quai de Conti, kama nilivyofanya.

Himaya ipi, basi?

Komoro nimeshaisema. Afrika ya Magharibi na ya Ikweta nitapita haraka: majaribio yake ni rahisi kupatikana, yana kichwa cha swala, ni mazuri, na wakusanyaji wa Dakar na Paris watakuwa wateja wako siku ukitaka kuuza. Moroko na Tunisia zina majaribio mengi kupita himaya nyingine, ya miaka mingi, kiasi kwamba ni ulimwengu wa peke yake. Usiingie huko bila kitabu. Wakusanyaji wa makoloni ya Ufaransa hutumia namba za katalogi ya Lecompte, na minada mingi huziandika kando ya zile za KM, yaani za katalogi ya Krause.

Jibuti ndiyo ninayoionea wivu kwa niaba ya wanaoanza leo. Ardhi ni moja, sarafu zina majina matatu. Hadi 1967 ni Côte Française des Somalis, halafu ni Territoire Français des Afars et des Issas, na baada ya uhuru wa 27 Juni 1977 ni République de Djibouti. Kwenye faranga 20 muda wote huo kuna jahazi na meli kubwa ya abiria nyuma yake. Tanga lile lile, nchi imebadili jina mara mbili. Chukua jaribio la faranga 20 kwa kila jina la kikoloni, ongeza ya kawaida ya Jamhuri, una seti ya vipande vitatu inayojieleza yenyewe hata kwa mgeni wa chai.

Na kama hutaki jaribio kabisa ila unataka historia, weka macho kwenye shaba za Pretoria. Paris ilipokuwa mikononi mwa Wajerumani, sarafu za Wafaransa Huru, wale waliokataa kusalimu amri, zilipigwa Afrika Kusini. Za Madagaska ni za 1943, santimu 50 na faranga 1, jogoo upande mmoja na msalaba wa Lorraine, alama yao, upande wa pili. Mwaka mmoja kabla, askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka Afrika Mashariki walikuwa wamepelekwa kisiwani humo pamoja na Waingereza kupigana na jeshi la Vichy, serikali ya Wafaransa iliyoshirikiana na Wajerumani. Kuna familia Tanganyika na Kenya zenye babu aliyerudi na hadithi za Bukini. Kwa wao, faranga moja ya shaba ya 1943 ina uzito ambao hakuna jaribio la 1948 litaufikia, na bei yake ni ya nauli ya daladala za mwezi.

Kuhusu zile zinazostahili hasa kuitwa sarafu za majaribio, yaani michoro iliyopendekezwa ikakataliwa, nitasema kidogo: zipo, ni chache mno, huonekana kwenye minada ya Paris, na kama ungekuwa na pesa zake usingekuwa unanisoma mimi.

Zikishafika nyumbani

Usizisafishe. Najua mkono unawasha. Majivu na ndimu vinavyong'arisha sinia la shaba la bibi vitaondoa ngozi ya sarafu, na mnunuzi wa pili ataiona hata kwenye picha ya simu. Alumini ndiyo mbaya zaidi, inachubuka kwa kitambaa tu. Zishike kwa ukingo. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu ya mpira mpya, ile ya PVC, huacha ute wa kijani kwenye shaba, na kwa joto letu la pwani haichukui miaka mingi. Tafuta vikopo vigumu au mifuko ya karatasi ya wakusanyaji, weka na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye sanduku la viatu vipya.

Kwa mwenye laki moja au mbili za Kitanzania: shaba moja ya Said Ali yenye mwenge, faranga ya Pretoria, na zitakazobaki ununue alumini za 1948 za kawaida. Kwa mwenye mara tano ya hiyo: majaribio mawili ya Jibuti yenye jahazi, moja moja, bila haraka, kila moja likiwa na picha ya bawa au bundi iliyopigwa karibu. Nene acha hadi ukutane nayo uso kwa uso, na mizani ipo mezani.